Juzuu Kumi na Mbili za Ng'ombe

Kijiji nilichopelekwa kufundisha mwaka 1955 sitakitaja jina. Si kwa adabu. Nilikichukia miaka miwili na nusu na sioni kwa nini nikipe wino wangu leo. Kiko kisiwani Pate, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Faza maji yakiwa yamekupwa; yakijaa, unangoja. Kilikuwa na msikiti mmoja, visima vitatu, ng'ombe wengi kuliko watu, na skuli ya vyumba viwili iliyoezekwa makuti. Chumba cha kwanza kilikuwa cha mwalimu mkuu, Bwana Athman, ambaye ustadi wake mkubwa ulikuwa kulala huku ameshika chaki. Chumba cha pili nilipewa mimi.

Mimi ni Muhdhar, mtu wa Amu, ambayo wageni huiita Lamu, mzaliwa wa mtaa wa Mkomani, na nina cheti cha ualimu. Nayasema haya mapema kwa sababu pale kijijini hakuna aliyejali hata moja katika hayo matatu. Siku niliyofika waliniuliza kama najua kukama maziwa. Niliposema sijui, wakatazamana, na tangu siku hiyo wakanionea huruma, jambo ambalo sikuweza kuwasamehe.

Nilikuwa nimeoa miezi minne kabla ya kupelekwa huko. Kwetu Amu binti haondoki kwao. Babake humpa nyumba au orofa, na mume ndiye huhamia. Basi mke wangu Jamila alikuwa Mkomani, orofa ya juu, dirisha linalotazama uani, na mimi nilikuwa kwenye kitanda cha kamba pamoja na kunguni wa Bwana Athman. Nilimwona Jamila siku za likizo tu. Baba mkwe alivumilia mwaka wa kwanza. Mwisho wa mwaka wa pili aliniita barazani, akanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, na hapo nikajua kuna neno zito.

"Muhdhar, mwanangu," aliniambia, "nimekupa mke na nyumba. Nyumba ina mke, mume hamo. Mwaka uyao ukisha nawe hukuya, itakuwa tuna mazungumzo mangine."

Mazungumzo mengine kwa baba mkwe wa Amu ni talaka. Hayana maana nyingine, wala mtu haulizi.

Nilikwisha kuandika barua mbili za kuomba uhamisho. Ya tatu ndiyo iliyojibiwa, mwezi wa Januari 1957, na jibu lenyewe lilikuwa mistari minne. Mkaguzi wa skuli angekuja mwezi wa Agosti. Katika darasa langu la nne walikuwamo watoto kumi na wawili walioandikwa katika ripoti kuwa hawajui kusoma. Kama mkaguzi angewakuta wanasoma, ningehamishwa Amu mara moja. Kama sivyo, ningebaki nilipo mpaka wasome.

Mpaka wasome! Aliyeandika maneno hayo hakuwahi kuwaona. Walikuwa wamekaa skuli miaka mitatu na zaidi, na bado waliitazama herufi ubaoni kana kwamba imekuja kuwadai. Wote walipita chuo cha Kurani kwanza, kwa hivyo Juzuu Amma walikuwa nayo kifuani, neno kwa neno, bila kosa. Lakini chuoni walijifunza kwamba kusoma ni kutikisika. Ukiwapa kitabu chochote, hata orodha ya bei za mchele, huanza kwenda mbele na nyuma kabla ya kuliona neno la kwanza, kisha hungoja uwaanzie. Ukiwaanzia, husema baada yako. Usipowaanzia, hutikisika tu. Aliyekuwa mbaya kuliko wote ni Husseini, mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyelelewa na nyanyake. Huyo hata kutikisika alichelewa.

Siku ile ile nilipopata barua niliwasimamisha mstari mmoja. Nilikuwa na hasira na sikuona sababu ya kuificha mbele ya watu kama wale.

"Sikilizeni," nikasema. "Siku mtakayosoma nyinyi nyote, kumi na wawili, siku hiyo mimi naondoka hapa na uso wangu hamtauona tena. Basi jioneeni wenyewe mtanikalisha mpaka lini."

Niliona nimewatukana vizuri. Kisha Bwanamkuu, mtoto mnene aliyekaa dirishani, akainua mkono akauliza kama ni lazima wasome wote au wakisoma wengi wao inatosha. Nikamwambia wote. Akashukuru, akaketi.

Mwezi uliofuata kikaja kitabu. Wakubwa huko juu walikuwa wamepata njia mpya ya kuwafundisha watoto wazito. Zile karatasi za ba be bi bo bu sasa zilikuwa haramu. Mtoto mzito apewe kitabu kizima, hadithi moja ndefu yenye sura, na kila sura ifanywe fungu la masomo: kwanza maneno mapya, kisha kusoma kwa sauti, kisha maswali, kisha kuandika, na fungu moja lisiachwe mpaka limeeleweka. Barua iliyokuja nacho ilieleza kwamba mtoto akitaka kujua hadithi itaishaje, atajisukuma mwenyewe. Niliisoma mara mbili nikacheka peke yangu. Aliyeandika alikuwa na imani kubwa na watoto, imani ya mtu asiyekaa nao.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha mambo ya bara. Ng'ombe mweusi anapotea mlimani kwenye ukungu na baridi, na mtoto wa mwenye ng'ombe anamfuata sura kumi na mbili. Na katika ukarimu wao wote, kwa watoto kumi na wawili, wakubwa waliniletea nakala moja.

Nilianza fungu la kwanza kama nilivyoagizwa. Niliandika maneno mapya ubaoni: ukungu, bonde, umande. Nikakiweka kitabu chini kwenye mkeka na wao wakakizunguka, vichwa kumi na viwili juu ya ukurasa mmoja. Waliokaa upande wa pili walikiona juu chini, na nilipowauliza kama hilo linawasumbua wakasema hapana, kwani kwao hali ilikuwa moja. Nikawasomea sura ya kwanza mimi mwenyewe. Ikafika zamu ya maswali.

"Kwa nini ng'ombe aliliacha kundi?" nikauliza. Jibu lililoandikwa nyuma ya kitabu lilikuwa fupi: kwa sababu ya ukungu hakuona njia.

Husseini akainua mkono, mara yake ya kwanza tangu nimjue. "Ana mimba, Mwalimu. Yuwatafuta mahali pa kuzalia."

"Kitabu kimesema ana mimba?"

"Hakikusema. Lakini ng'ombe huwa hivo."

Darasa zima likaitikia kwa vichwa. Nikamwambia Husseini ng'ombe wa kitabuni si ng'ombe wa nyanyake, na asome kilichoandikwa, kama angekuwa anaweza kusoma. Akaketi. Ng'ombe nilimjua mimi kutoka buchani, na sikuona haja ya kufundishwa zaidi. Wiki kadhaa baadaye nilipofika sura ya mwisho nikakuta ng'ombe amezaa ndama chini ya mti, na kwamba ndiyo sababu aliondoka. Sikumwambia mtu.

Fungu la kwanza lilichukua wiki tatu na hakuna aliyelisoma. Kwa uchovu nikampa Husseini kitabu aende nacho nyumbani siku ya Alhamisi, nikidhani pengine atamkuta jamaa wa kumsaidia. Jumamosi akaja na kapu. Ndani ya kapu mlikuwamo vitabu kumi na viwili vidogo, kila kimoja kimeshonwa kwa uzi mweupe na kuvikwa jalada la kitambaa cha buluu. Nilikitambua kitambaa kabla ya kutambua kitabu. Ilikuwa kanga kuukuu. Kitabu cha serikali chenye mhuri kilikuwa kimefumuliwa, sura baada ya sura.

Nilitoka darasani vile vile na chaki mkononi nikaenda kwa nyanyake.

Bi Saadiya alijulikana na kila mtu pale. Alisomesha wasichana Kurani nyumbani kwake, na yeye ndiye aliyeshona juzuu za msikiti zinapochakaa. Nilimkuta ameketi kwenye jamvi, sindano kati ya meno, akirekebisha msahafu wa mtu. Sikungoja kukaribishwa.

"Bi, huyu mjukuu wako ameniletea kitabu cha serikali kimeraruliwa."

Akaitoa sindano mdomoni. "Hakikuraruliwa. Kimefumuliwa. Keti, Mwalimu."

"Nitafungwa mimi kwa kitabu hicho."

"Kitabu kimoya kwa wana kumi na wawili, wataka wasome kwa nini, kwa pua?" Alisema bila kuinua sauti. "Msahafu wa hitima una juzuu thalathini kwa ajili gani? Ili kila mtu ashike yake. Nimeuliza zenu ni ngapi, Husseini kaniambia kumi na mbili. Wana ni kumi na wawili. Hapo kuna la kunipigia kelele?"

Nilijua anasema nini, kwani hata mtoto wa Amu anajua hitima. Mtu akifa, watu hukaa, juzuu thelathini zikagawanywa, kila mmoja akasoma yake na wote kwa wakati mmoja, na baada ya saa moja msahafu mzima umesomwa na thawabu ni ya wote. Hakuna anayesikiliza cha mwenzake. Kwa maiti ni jambo jema. Lakini kwa ng'ombe wa mlimani? Niliona mbele yangu watoto kumi na wawili, kila mmoja akipiga kelele ya sura yake, mmoja akimpoteza ng'ombe na mwingine papo hapo akimzalisha, kisha wote wakitangaza kwamba kitabu wamekihitimu. Ni watu wa kisiwa kile tu ambao wangeweza kulifikiria jambo hilo na kuona limekaa sawa.

"Bi, hiki si kitabu cha maiti," nikamwambia. "Hiki mtoto mmoja hukisoma chote, tangu mwanzo."

"Nami nimekataa?"

Nikaondoka. Sikuona faida ya kubishana na mwanamke asiyejua hata herufi moja ya Kizungu.

Wazo lilinijia njiani, na nitalisema lilivyokuwa. Mkaguzi hufanya nini? Hufika amechoka, huchukua kitabu, hufungua mahali, husema mtoto fulani asome. Lakini majina ya watoto hayajui. Anayeyajua ni mimi. Basi kama kila mtoto anaijua sura moja tu, lakini anaijua kweli kweli, mkaguzi akitaka sura ya tano nitamwita mwenye sura ya tano, na akitaka ya kumi nitamwita wa kumi. Kila atakapogusa atakuta msomaji. Atatoka na barua yangu ya uhamisho, na kijiji kitabaki na wajinga wake. Sikuona aibu. Nilijiambia watoto wale hawatasoma kitabu kizima mpaka Kiyama, na sura moja kwa mtu ni zaidi ya walivyostahili.

Nikagawa. Sura ya kwanza, iliyo fupi na yenye picha mbili, nikampa Husseini. Bwanamkuu akapata ya tano. Nikayatupa yale mafungu na maswali, na tangu Machi mpaka katikati ya Mei nilimketisha kila mtoto peke yake na juzuu yake: neno, mstari, ukurasa, tena na tena, kidole chini ya herufi. Nilikuwa mkali na nilisema maneno mabaya. Husseini nilimwita gogo mara nyingi hata wenzake wakaacha kucheka. Ilipofika wakati huo kila mmoja alikuwa anasoma sura yake, si kwa kukariri, maana niliwarukisha mistari makusudi na walifuata. Nikaona kazi yangu imekwisha. Miezi iliyobaki niliwaacha wachore ng'ombe, nami nikamwandikia Jamila barua ndefu.

Kitu kimoja tu kilinikera. Kila Alhamisi alasiri nilipopita nyumba ya Bi Saadiya nilisikia kelele za watoto barazani kwake, sauti nyingi kwa pamoja, na nilijua ni wale wale kumi na wawili na juzuu zao. Hitima ya ng'ombe. Nilimwambia Bwana Athman, akafumbua jicho moja akasema heri wasome, wasije wakaenda kuvunja maboga ya watu. Mara nyingine niliwakuta kisimani wanagombana. Bwanamkuu alikuwa amemkamata mwenzake shingoni, anamwambia ng'ombe hawezi kufika mtoni mguu ukiwa umevunjika, na mwenzake anasema mguu ulipona sura ya saba. Nilipita nikatikisa kichwa. Wanaume wazima wa kesho, wanapigana kwa ajili ya ng'ombe asiyekuwako. Na sikujiuliza Bwanamkuu, mwenye sura ya tano, alijuaje habari za mtoni.

Mkaguzi alikuja Jumanne ya mwezi wa Agosti. Jina lake lilikuwa Bwana Hamdun, mtu wa Mombasa, mwenye mwavuli na viatu vya ngozi alivyovivaa mpaka katikati ya tope la mikoko, ndipo alipovivua. Alifika na viatu mkononi na suruali imekunjwa magotini. Alikunywa madafu mawili, akamsalimia Bwana Athman, ambaye kwa siku hiyo alikuwa macho, kisha akaingia chumbani kwangu. Nilimpima kwa jicho nikaona ni mtu anayetaka kumaliza na kurudi Faza kabla maji hayajajaa. Nikafurahi.

Aliona juzuu kumi na mbili za buluu mezani. "Hivi ni nini?"

"Kitabu ni kimoja, Bwana, na watoto ni wengi. Nimekigawa sura sura ili kila mtu apate cha kushika." Nilisema nimekigawa. Bi Saadiya hakuwapo.

"Si vibaya," akasema. Akaichukua moja. "Ya tano. Nani ataisoma?"

"Bwanamkuu," nikasema.

Bwanamkuu akasimama akaisoma, akitikisika kidogo. Mkaguzi akaandika kitu. Akachukua ya kumi, nikamwita wa kumi, naye akasoma. Moyo wangu ulikuwa umetulia. Nilikwisha kufika Mkomani, nimekwisha kuvua viatu chini ya ngazi.

Akachukua ya tisa. Lakini safari hii hakuniuliza mimi. Aliwatazama watoto, akanyoosha kidole. "Wewe hapo, mdogo, unayejificha. Njoo."

Alikuwa Husseini.

"Huyo hapana, Bwana," nikasema. Maneno yalinitoka kabla sijayashika. "Hiyo si yake."

Mkaguzi akaniangalia polepole. "Si yake vipi, Mwalimu? Kitabu cha serikali kina mwenyewe?"

Nilikuwa nimejikamata kwa mdomo wangu. Nilijua kwamba mtu huyu amekwisha kuelewa, na kwamba Jamila ataambiwa habari ya talaka na babake kabla ya mwaka kwisha. Na nilimchukia Husseini wakati ule, mtoto wa watu, kwa kosa la kuwa pale.

Husseini akaipokea juzuu ya tisa. Akaifungua, akaweka kidole.

"Ng'ombe alisimama katikati ya mto," akasoma, "maji yakamfika tumboni. Mtoto akamwita. Ng'ombe akageuza kichwa, lakini hakurudi."

Alisoma polepole na kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye mkato alipumua. Neno "mawimbi" lilimshinda mara ya kwanza, akalirudia, akalipata. Sikuwahi kumfundisha ukurasa ule. Sikuwahi kumfundisha neno moja la ukurasa ule. Akafunua, akaendelea, na mkaguzi hakumzuia mpaka sura ikaisha.

Kisha Bwana Hamdun akampa ya tatu. Akaisoma. Akampa ya kumi na mbili, akaisoma ile habari ya ndama, na hapo sauti ilimpanda kidogo kwa furaha. Basi mkaguzi akasahau maji ya Faza. Aliwaita wote, mmoja mmoja, akiwapa juzuu yoyote iliyokuwa karibu na mkono wake. Wengine walisoma vizuri kuliko wengine, na Bwanamkuu alijikwaa sana, lakini wote walisoma, na akiwauliza ng'ombe alitoka wapi na kwenda wapi, walimweleza mpaka akalazimika kuwanyamazisha. Ikawa adhuhuri. Mimi nilisimama kando ya ubao. Hakuna aliyenihitaji.

"Nani aliyewafundisha sura zote hizi?" mkaguzi akauliza.

Nilifungua mdomo kusema ni mimi. Namshukuru Mungu Husseini alinitangulia.

"Sura moya moya alitufundisha Mwalimu," akasema. "Zilizobaki tumefundishana. Mwenye sura humfundisha asiyekuwa nayo. Bi wangu husikiliza. Yeye herufi hizi haziyui, lakini Kiswahili yuwakiyua, na mtu akisoma upuzi asikia, humrudisha nyuma. Ukiisoma sawa, Alhamisi ya pili yake juzuu huhama, kila mtu humpa wa mkono wake wa kulia. Hata kila mtu akazipata zote."

Juzuu huhama. Kumbe yule bibi hakuwahi kunikatalia. Nilipomwambia mtoto mmoja hukisoma kitabu chote, aliniuliza kama yeye amekataa, nami nikaondoka nikidhani nimemshinda. Nilikuwa na hakika mno ya ujinga wao hata sikukanyaga barazani kwake siku moja kutazama.

"Kila Alhamisi tangu lini?" mkaguzi akauliza.

"Tangu Mei. Lakini huku mwisho tulisoma kila siku, Bwana, kwani Bwanamkuu alikuwa nyuma sura mbili, na Mwalimu alisema ni lazima wote."

"Mbona mbio hivyo? Mlitaka kujua habari ya ng'ombe?"

"Ng'ombe pia." Husseini akanitazama mimi kwanza, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka nje. Hakukuwa na chuki usoni mwake. Ningependa ingekuwako. "Mwalimu alisema siku tutakayosoma sote, ataondoka."

Nje ng'ombe wa mtu alikuwa anakula makuti ya ukuta wetu, nasi sote tulimsikia akitafuna.

"Ulisema hivyo, Mwalimu?"

"Nilisema."

Bwana Hamdun akazipanga mezani zile juzuu za buluu kwa zamu, ya kwanza mpaka ya kumi na mbili, akazinyoosha kingo. "Nimekagua skuli miaka kumi na moja," akasema. "Nimeona watoto waliosomeshwa kwa kiboko, na waliosomeshwa kwa halua. Hii ni mara yangu ya kwanza." Hakucheka. Alitoa karatasi ya uhamisho mfukoni, ambayo kumbe alikuwa nayo siku zote, akaijaza palepale mezani pangu kwa kalamu yangu, akaipuliza wino ukauke, akanipa bila kunitazama. Kisha akamuuliza Bwana Athman nyumba ya Bi Saadiya iko wapi. Wakatoka pamoja.

Nilibaki na karatasi. Nilikuwa nimeingoja miaka miwili na nusu. Niliiomba kwa barua na kwa dua. Jina langu lilikuwa limeandikwa vizuri, na jina la Amu. Niliisoma yote, nikaona haya, na haya yenyewe ikanikasirisha, kisha hasira nayo ikaisha na haya ikabaki. Nilitaka kuwaambia kitu wale watoto. Nilitafuta neno lisilokuwa tusi, na kwa jinsi nilivyokuwa sijazoea kuwasemesha, sikulipata upesi.

Bwanamkuu akainua mkono.

"Mwalimu, waondoka lini?"

Aliuliza kwa adabu, kama mtu anavyouliza adhana ni saa ngapi. Wote kumi na wawili walikuwa wananitazama, wametulia, hakuna hata mmoja anayetikisika. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuwaona wakingoja jibu langu namna ile.

"Jumamosi," nikasema. "Maji yakikupwa."

Husseini akahesabu kwa vidole. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Akaridhika, akaichukua mezani juzuu ya tisa, akaketi, akampa wa mkono wake wa kulia.